Nani Kasema Marashi Mazuri Lazima Yapige Kelele?

Swali linaloharibu pua za wanaume wa Nairobi lina maneno matatu tu: inakaa masaa mangapi?

Simama jioni karibu na steji ya Kawangware 46, saa ile mathree zinatema watu na watu wanakutana na mahindi choma, omena, mitumba ya viatu na meza za marashi ya kupima. Chupa zimejipanga mezani, kila moja na kibandiko chenye jina la Ufaransa au la Dubai lililoandikwa kwa kalamu. Muuzaji anavuta mafuta kwa sindano isiyo na ncha, anahesabu mil, anamwaga kwa kichupa cha kupuliza, anajazia spiriti, anatikisa, anakupulizia kwa mkono ujaribu. Mia mbili au mia tatu, mmemalizana. Sasa sikiliza wateja. "Iko na nguvu?" "Itanifikisha jioni?" "Nikiingia mahali watanisikia?" Haya maswali nimeyasikia mara nyingi mpaka najua yatakavyofuatana. Swali ambalo bado nalingoja ni hili: hizi harufu zilizo ndani, zinapatana?

Mimi nasema kupatana ndicho kipimo cha kwanza, na vingine vyote vinakuja nyuma yake. Marashi ambayo harufu zake zinagombana ni mabaya hata yakishinda sabuni na kubaki kwa shati siku tatu. Marashi yaliyopatanishwa vizuri ni mazuri hata yakikuaga saa nane mchana. Kudumu ni sifa ya rangi ya mafuta. Ukinunua kitu cha kuvaa mwilini kwa kipimo cha rangi, usishangae watu wakikukwepa kama ukuta mbichi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Wenye biashara hii husema marashi yana noti. Si noti za benki wala za lekcha. Wanaazima kutoka kwa muziki. Kuna noti za kichwa, za moyo na za msingi. Za kichwa ni nyepesi: ndimu, chungwa, bergamoti, mnanaa. Zinaruka haraka, na baada ya robo saa nyingi zimeshaenda zake. Za moyo ni maua na viungo: lavenda, langilangi, iliki, mdalasini. Hizo zinakaa masaa kadhaa. Za msingi ni nzito: mbao, udi, ubani, miski, vanila. Hizo ndizo unazikuta kwa kola asubuhi ya pili.

Sasa watu wengi wakishajua hayo wanadhani kazi ya fundi wa marashi ni kupanga foleni, nyepesi mbele, nzito nyuma. La. Kazi yake ni makabidhiano. Ndimu ikianza kuondoka, iliki iwe imeshafika mlangoni. Iliki ikichoka, mbao ziwe zilikuwepo chini chini tangu mwanzo, zikishikilia nyumba bila wewe kuziona. Ukisikia mshono, yaani ndimu imekatika ghafla halafu kimya halafu sukari imekurukia, jua fundi ameshindwa, hata kama chupa ina kifuniko cha sumaku.

Mfikirie mama anayepika pilau. Kuna bizari, mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia. Ukila, husemi "hapa nimeonja karafuu, pale nimeonja iliki." Unasema pilau imeiva. Lakini mkono wa mpishi ukiteleza, karafuu ikazidi, meza nzima inajua, mpaka mtoto wa darasa la kwanza. Vitunguu vikiungua, hakuna kiungo kitakachoficha. Marashi ni hivyo hivyo. Mchanganyiko uliofaulu unakupa kitu kimoja ambacho jina lake hulipati. Uliofeli unakupa orodha.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya ladha, kila mtu na pua yake, na hakuna haja ya kuhukumiana. Hiyo ni njia ya heshima ya kukwepa kazi. Mimi naweza kuwa sipendi pilau hata kidogo, na bado nikijua hii imepikwa na hii imechemshwa. Kupenda ni kwangu mwenyewe. Kuiva ni kwa sufuria. Mtu anaweza kuchukia udi, ukamuumiza kichwa, na bado akakubali kwamba huu udi na hili waridi vimeshikana vizuri. Tukikataa kutenganisha hayo mawili, tunabaki na kelele tu, na kwa kelele anayeshinda ni mwenye spika kubwa.

Na spika kubwa siku hizi ziko kwa simu. Unawajua wale jamaa wa video. Anajipulizia mara moja, anafunga macho, anaanza kutaja: bergamoti, nanasi, pilipili, mbetula, ngozi, moshi, miski, amba, noti kumi na mbili kwa sekunde thelathini. Halafu anatoa alama: kudumu kumi kwa kumi, kusambaa kumi kwa kumi, kusifiwa na warembo kumi kwa kumi. Kupatana hakuna alama yake.

Buda, hiyo pua haipo duniani. Mwaka 1989 mtafiti David Laing na mwenzake huko Australia walichapisha majaribio ya kuwanusisha watu michanganyiko ya harufu ambazo walizijua vizuri. Ikiwa harufu ni moja, watu waliitaja. Zilipochanganywa, wakaanza kupotea. Mwaka 1996 Laing akatoa majaribio mengine yaliyojumuisha watu wa kazi hiyo, wakiwemo mafundi wa manukato, na hao nao wakakwama karibu na nne. Kama mafundi wanakwama kwa nne, anayetaja kumi na mbili anazisoma kwa boksi.

Na boksi nalijua. Nilipoacha chuo, mojawapo ya kazi za kwanza za kuandika nilizopata ilikuwa ya duka moja la mtandaoni ambalo jina lake nitaliacha huko liliko. Walinitumia majina ya marashi na orodha ya noti, niandike maelezo, malipo kwa kila bidhaa. Hawakunitumia tone hata moja la kunusa, na nilipouliza niliambiwa hakuna haja, noti si ziko hapo? Hivyo ndivyo fasihi ya manukato inavyopikwa. Mtu ambaye hajanusa anaandika, mtu ambaye hajanusa anaisoma mbele ya kamera, na mtu ambaye hajanusa anaagiza. Pua ya kwanza kukutana na hicho kitu ni ya mwenye mwili, doo ikiwa imeshatoka.

Tena hizo noti zenyewe si viungo. Hakuna mtu amekamua ngozi ya ng'ombe akapata mafuta ya noti ya "ngozi". Inajengwa kwa kemikali na lami za mbao. Ile "amba" inayotajwa kwa kila chupa ya wanaume ni mapatano ya gundi za miti na vanila, yaani yenyewe tayari ni mchanganyiko. Kuna maua, kama yungiyungi la bondeni la Wazungu, ambayo hayatoi mafuta ya maana hata uyafanye nini. Harufu yake inaundwa upya maabara. Kwa hiyo anayehukumu marashi kwa kuhesabu noti anahesabu majina ya wahusika bila kusoma hadithi.

Mpaka hapa ni somo tu. Kinachoniuma kiko mbele kidogo.

Kwa nini sisi wa Kibera na Kawangware ndio wateja waaminifu zaidi wa marashi ya kelele? Si kwamba hatuna pua. Ni kwamba wengi wetu hatujipulizii ili tunukie. Tunajipulizia ili tusinuke. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Msee anatoka keja ya mabati ambapo usiku kucha moshi wa jiko la jirani umepita juu ya ukuta usiofika dari. Nje ni mtaro. Shati limekauka kwa kamba iliyo juu ya mtaro huo. Anaenda kutafuta mboka Lavington, ambako kutoka Kawangware unafika kwa miguu, na kichwani ana wazo moja: wasinusie nimetoka wapi. Hapo lavenda na iliki zina kazi gani? Anataka ukuta. Muuzaji naye si mjinga, anamuuzia ukuta.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Niliwahi kupeleka kazi kwa ofisi moja upande wa Westlands, dada wa mapokezi akafungua dirisha kabla sijamaliza kutaja jina langu. Hatukugombana. Alifungua polepole, kwa adabu, akitabasamu. Kila kijana wa mtaa ana dirisha lake kama hilo. Wengine ni kiti kilichobaki wazi pembeni yao kwa mathree, wengine ni mlinzi aliyewaonyesha geti la nyuma.

Lakini tujiulize harufu ya Kibera ni ya nani. Wanubi, wanajeshi wenye asili ya Sudan waliopigania King's African Rifles, walianza kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Baadaye Nairobi ikakua, wakoloni wakataka watu waondoke, na mojawapo ya njia za kuwachosha ikawa kuwanyima huduma. Uhuru ukaja 1963, eneo likaendelea kuitwa makazi yasiyo halali, na mahali pasipo halali hapajengewi mabomba ya maji taka. Wanubi wenyewe walipewa hati ya ardhi mwaka 2017, ekari 288. Hesabu mwenyewe kilichobaki kati ya namba hizo mbili.

Kwa hiyo ule mtaro unaouogopa, kijana, una saini za watu wa ofisini. Hukuuchimba wewe. Ukijimwagia kitu kikali ili kuuficha, unakubali hatia isiyo yako, na unailipia kwa mil.

Tena inashindwa hata kama kinga. Chukua yale marashi yanayotembea zaidi pale stejini, ya aina ya Sauvage. Dior waliyatoa mwaka 2015, fundi akiwa François Demachy, na uti wake wa mgongo ni bergamoti juu na ambroksani chini. Ambroksani ni molekuli inayoiga ambari, kile kitu kinachotoka tumboni mwa nyangumi na ambacho zamani kiliokotwa na kuuzwa pwani yetu. Kitu kizuri kabisa kikipimwa. Sasa meza za mtaani haziuzi Sauvage; zinauza kivuli chake, na kivuli cha jioni huwa kirefu kuliko mtu. Mteja ameuliza nguvu, basi anayeunda nakala anavuta ile ambroksani na mbao kali za maabara mpaka mwisho, na bergamoti anaiacha kidogo kama chambo. Kufika Yaya bergamoti imeshashuka. Kilichobaki ni chuma kinachokwaruza kooni. Abiria wa pembeni anafungua dirisha. Lile dirisha lile lile! Umelipa mia tatu kununua dirisha lililokuwa la bure.

Kwa hiyo wanaotuambia tununue nguvu hawatusaidii. Wanavuna hofu.

Na ajabu ni kwamba mabingwa wa kupatanisha harufu wako hapo hapo kwetu, wala hawaitwi kwa video. Panda Makina siku ya Ijumaa, swala ikiisha. Wanaume wanatoka msikitini na mafuta yao ya miski, ya waridi, ya udi, yasiyo na spiriti, yanayokaa karibu na ngozi. Hakuna anayetangulia harufu yake wala anayeburuta mkia wa harufu nyuma. Unaisikia ukimpa mkono, ukimkumbatia, ukikaa naye karibu. Harufu imemwachia mtu nafasi ya kuwa mtu.

Nyuma yao kuna mama zao. Sudan, walikotoka babu wa Wanubi, bibi harusi hufukizwa dukhani na kupakwa mchanganyiko wa mafuta uliotiwa msandali, karafuu na miski, na ni wanawake wanaouchanganya kwa mikono. Makina bakhuri bado inafuka. Eastleigh mama wa Kisomali anapika unsi kwa sukari, ubani na manukato, na lazima aitoe sukari motoni kabla haijaungua, maana ikiungua kila kitu kitanukia karameli chungu. Lamu na Mombasa kuna kikuba, asumini na waridi na mrehani na langilangi vikifungwa pamoja, na mfungaji anajua mrehani ukizidi unakuwa mboga. Neno nililolisikia kwa mama mmoja muuza udi, alipokuwa akisifu mkebe wake, ni "umeshikana." Hakusema utakaa masaa mangapi. Hilo neno moja lina thamani kuliko alama zote za kumi kwa kumi.

Wanaume tunajibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Sawa, basi sikiliza hii. Old Spice, jina ambalo wazee wetu walilinunua kama alama ya uanaume, ilianza mwaka 1937 kama bidhaa ya wanawake. Ya wanaume ikafuata 1938. Mpaka kati ya marashi ya kiume na ya kike ulichorwa na wauzaji, na unachorwa upya kila wakihitaji kuuza chupa mbili kwa nyumba moja. Karafuu haijui jinsia.

Na karafuu ni ya kwetu, kama ilivyo nusu ya hizo noti tunazosomewa kwa lugha ya kigeni. Mafuta yake yamejaa yujenoli, na kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya vilitumia yujenoli hiyo kutengeneza vanila ya maabara. Yaani ile vanila tamu kwa shingo ya mtu wa Paris ingeweza kuwa imeanzia kwenye mkarafuu. Langilangi inakamuliwa Komoro, mzalishaji mkubwa kabisa duniani. Ubani na manemane vinaokotwa kwa mabonde makavu ya kaskazini mwa Kenya. Msandali wetu ulikatwa kwa pupa namna hii mpaka serikali ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwa orodha ya mimea inayolindwa na mkataba wa CITES. Mti ulisafirishwa nje kwa magendo, harufu yake ikarudi imevaa kibandiko, na sisi tunaambiwa hatuna pua ya kuihukumu. Hapana. Tunayo.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso: watu hawana maji, wewe unatuletea noti za moyo? Namjibu kwamba asiyewahi kukosa maji ndiye anayeweza kuzungumza juu ya harufu kama pambo. Kibera maji ya kuoga yananunuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mabomba yakikauka bei inapaa. Mtu anayegawa mtungi mmoja kati ya kupika, kuosha mtoto na kujipangusa kabla ya kwenda mboka anafanya hesabu ya harufu kila asubuhi. Nampa heshima ya kudhani kwamba shilingi mia tatu zake zinastahili kitu kilichoiva. Maskini ndiye asiyeweza kumudu marashi mabovu. Tajiri akikosea ananunua mengine.

Basi hukumu vipi? Njia ninayotumia mimi haihitaji mtaalamu.

Kwanza, usihukumu mchanganyiko uliofanywa mbele yako. Mafuta na spiriti vikikutana leo bado ni wageni. Viwandani marashi hulazwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa, yashikane. Kichupa chako cha kupima kiweke gizani, mbali na mabati yanayochemka, wiki mbili au tatu. Kuna vichupa vinavyoitwa feki ambavyo vilikuwa vibichi tu.

Pili, achana na karatasi. Karatasi haina jasho wala joto, na hakuna mtu anaenda kazini akiwa karatasi. Weka kwa ngozi, sehemu moja tu. Dakika tano za kwanza ni tangazo; usizisikilize. Nusa baada ya robo saa, halafu baada ya masaa mawili, halafu jioni. Unatafuta yale makabidhiano. Kila ukirudi, je, ni nyumba ile ile na mwanga umebadilika, au umehamishwa keja bila notisi?

Tatu, tembea nayo. Pita kwa mahindi choma na mutura. Vaa na shati la Toi ambalo bado lina ile harufu ya mtumba wa gunia. Ingia mathree saa ya jua la Februari, na uirudie asubuhi ya baridi ya Julai. Maduka ya mall yana kiyoyozi, kwa hiyo hayajui lolote kuhusu marashi yako. Mchanganyiko mzuri unaalika moshi: mbao, ubani, viungo na kahawa vinakaa na moshi wa makaa kama majirani wa zamani. Vile vitamu vya rangi ya peremende vinapigana nao, na vikishindwa vinanuka kama keki iliyoanguka jikoni. Hii ndiyo sababu nasema Kibera na Kawangware ni mahali pagumu kuliko popote pa kujaribu marashi. Kilichoelewana hapa kitaelewana kokote.

Nne, muulize mtu anayekupenda, asiyeogopa kukuambia ukweli. Dadako anafaa. Usimuulize kama inanukia vizuri. Muulize amesikia nini. Akisema haraka "vanila," au "ndimu," au "dawa," kuna noti moja imekalia wenzake. Akirudi kunusa mara ya pili, akasema "sijui, lakini ni wewe," imepita.

Kwa wauzaji wa kupima nina ombi pia, maana nawaheshimu kuliko wale wa video. Mnajua kuchanganya. Nimewaona mkiongeza tone la miski kwa udi mkali ili mzee asikohoe, mkipunguza spiriti kwa mteja mwenye ngozi kavu. Huo ni ufundi, na mnauficha kwa sababu mteja ameuliza nguvu. Msimjibu nguvu. Siku moja toeni kibandiko chenye jina la Dior, muweke chupa yenu, iliki na karafuu na ubani wa Wajir na moshi kidogo, na muiite Makina au Arobaini na Sita. Mkiona haiuziki, punguzeni bei, msiongeze kelele.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa foleni ya mathree, umejipulizia mara nane kwa sababu leo kuna interviu: mara mbili zinatosha. Hao watu wa kukufungulia dirisha watalifungua hata ukinukia kama mfalme, kwa sababu harufu waliyoisikia ilikuwa ya anwani yako. Usiwapigie kelele. Vaa kitu kilichoshikana, kaa kwa kiti, ongea kazi. Na yule wa pembeni akikunusa, akanyamaza kidogo, akakosa neno la kuita alichosikia, usimtajie jina la chupa. Mwache ashangae.